Niliuziwa chaja ya kilowati 11, gari linapokea 3.7: nani anawajibika?

Ndugu wanajukwaa, nimeiacha hasira yangu ipoe kwa siku tatu kabla ya kuandika, na bado haijapoa. Huu ni mwezi wa nne tangu nianze kuendesha gari la umeme, SUV ya ukubwa wa kati, kwenda na kurudi kazini, jumla ya kilomita 110 kila siku ya kazi. Na gari lenyewe sina ugomvi: limetulia barabarani, halina kelele, na kwenye foleni halichoshi. Ugomvi wangu ni na muuzaji, ambaye kila nilipomuuliza habari za kuchaji alinisomea namba kubwa kuliko zote iliyomo kwenye brosha, bila kunieleza hata mara moja kwamba namba hiyo hupatikana kwa masharti gani.

Brosha inasema gari linakwenda kilomita 450 kwa chaji moja. Nimekuja kujifunza mwenyewe kwamba namba hiyo inatokana na kipimo cha WLTP, ambacho hufanyika maabara kwa muda wa nusu saa, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 46 hivi kwa saa, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Mimi sehemu kubwa ya safari yangu ni barabara kuu, kwa mwendo wa 110 hadi 120, ndani ya gari refu lenye kifua kipana, na upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kwa hiyo ninatumia uniti 22 kwa kila kilomita 100, na betri yenye uniti 64 inanipa kilomita 290 tu. Hilo ningelivumilia, kwani hata magari ya petroli hayajawahi kutimiza ahadi za brosha zao.

Nisilolivumilia ni la kuchaji. Kabla ya kulipa niliuliza waziwazi kama soketi ya kawaida ya nyumbani ingenitosha, nikataja na kilomita zangu, nikajibiwa: "Unachomeka usiku, asubuhi limejaa." Hebu tupige hesabu ambayo yeye hakuipiga. Waya uliokuja na gari unavuta ampea 10 kwenye volti 230, yaani kilowati 2.3. Kwa saa 10 za usiku zinatoka ukutani uniti 23, lakini kompyuta na pampu za gari hukesha muda wote wa kuchaji zikila sehemu yake, kwa hiyo zinazoingia kwenye betri ni 19 au 20. Safari yangu ya siku inakula 24. Kila usiku nilikuwa narudisha pungufu ya nilichotumia, na nikianza Jumatatu asubuhi na asilimia 80, Ijumaa jioni nafika nyumbani na asilimia 17, nikiomba asitokee mtu wa kunituma popote.

Niliporudi kulalamika, walinishauri ninunue chaja ya ukutani ya kilowati 11, wakaniuzia wao wenyewe, na fundi wao akaja kuifunga kwa kuwa nyumba yangu ina umeme wa fezi tatu, yaani unaoingia kwa nyaya tatu za moto badala ya mmoja. Usiku wa kwanza kioo cha taarifa ndani ya gari kikaonyesha kilowati 3.7. Nikadhani fundi amekosea. Kumbe chaja ya ukutani ni mlango tu wa kupitishia umeme wa mkondo geu (AC), ule wa nyumbani, na kazi ya kuugeuza uwe mkondo mnyoofu (DC) unaokubalika na betri hufanywa na chaja iliyomo ndani ya gari. Ya toleo langu ni ya fezi moja, na inaweza kupokea hadi ampea 32, sawa na kilowati 7.4. Chaja niliyouziwa inagawa kilowati zake 11 kwa fezi tatu, ampea 16 kila fezi. Gari linachukua fezi moja na kuziacha mbili. Chaja ya bei ndogo zaidi, ya fezi moja na ampea 32, ingenipa mara mbili ya hiki ninachopata sasa. Sikatai kwamba 3.7 inatosha kwa safari zangu za kila siku, ila sikununua cha kutosha. Nilinunua 11 kwa ushauri wa mtu aliyekuwa na karatasi ya vipimo vya gari hilohilo mezani kwake.

Wakati huohuo waliniagiza nisichaji kupita asilimia 80, eti nitaua betri. Nilitii kwa wiki saba. Ijumaa moja, zikiwa zimebaki kilomita 20 hivi nifike nyumbani, kioo kilisoma asilimia 23, kisha ghafla kikashuka hadi 9 na gari likaanza kujipunguzia nguvu katikati ya malori. Jioni ile ndipo nilipofungua kitabu cha gari. Betri yangu ni ya litiamu, chuma na fosfeti, ile inayoitwa LFP, ambayo volti yake haibadiliki sana kati ya kujaa na kukaribia kuisha, hivyo gari hushindwa kukadiria kilichobaki endapo halijazwi kabisa mara kwa mara. Kitabu kinaagiza lijazwe hadi 100 angalau mara moja kwa wiki. Ushauri wa asilimia 80 unazifaa zaidi betri za nikeli, manganizi na kobalti, ambazo sikuuziwa.

Ahadi ya muuzaji kwamba kwenye vituo vya chaji ya haraka kuchaji ni "nusu saa tu" nitaigusa kidogo: hiyo ni kutoka asilimia 10 hadi 80, betri ikiwa na joto linalofaa, na baada ya hapo mwendo wa kuchaji hupungua mno. Hilo nalo nililigundua nikiwa nimesimama kituoni, nyuma yangu dereva mwingine akinikazia macho.

Nimewaandikia barua mbili nikidai wabadilishe chaja kwa gharama zao, pamoja na malipo ya fundi, na wanipe kwa maandishi uwezo halisi wa chaja iliyomo ndani ya gari. Jibu la kwanza lilisema kifaa "kinafanya kazi kama kilivyotengenezwa". La pili lilisema wapo wateja wa toleo hilihili wanaopata kilowati 11 nyumbani bila tatizo. Kama kuna mtu humu mwenye gari la umeme lenye chaja ya ndani ya fezi moja, ambaye kioo chake kimewahi kuonyesha zaidi ya 7.4 akichaji nyumbani, naomba aweke picha hapa, maana mimi huyo mteja simjui na wao wamekataa kunitajia hata toleo la gari lake.