Nina viroba vitatu vya nailoni na hakuna anayezitaka, nifanyeje?

Mama Pakacha
Habari zenu wakuu hasa mlioko Kusini huku. Mi nipo Mtwara mjini, Chuno. Tangu msimu wa korosho uliopita nilijiwekea utaratibu nyumbani kwamba hakuna kutupa nailoni wala pakiti hovyo, kila kitu kinaingia kwenye kiroba nyuma ya jiko, nailoni za mkate, pakiti za sukari, vifungashio vya karanga, mifuko ya maziwa, pakiti za sabuni ya unga, krips za watoto, yani kila kitu. Sasa viroba vimefika vitatu vimejaa mpaka mama mkwe kaja kutoka Newala akaniuliza mwanangu hii ni akiba ya nini.

Jumamosi nikapakia kwenye bajaji nikapeleka kwa jamaa mmoja anayenunua skrepa na chupa, nikijua narudi walau na hela ya mboga. Kafungua kiroba cha kwanza, kanusa, kacheka. Akanambia dada hapa tunachukua chupa za maji na madumu, hizi rudi nazo. Bajaji nimelipa kwenda na kurudi.

Sasa naomba kuelimishwa, kwanini hazinunuliwi wakati nazo ni plastiki na nyingine zina kabisa ile alama ya vimshale vya pembetatu? Na nizifanyeje mana baba watoto anasema tuzichome yaishe na moshi wake hata kuku wanakimbia.

Mzani wa Lindi
Pole dada. Mi nanunua chupa na madumu hapa Lindi mwaka wa sita huu, na ningekuwa mimi nisingekucheka ila nisingezichukua pia.

Shida ya kwanza uzito. Ule mfuko wa rambo wa zamani ulikuwa na kama gramu tano tu, kwahiyo kupata kilo moja unahitaji mia mbili, na hivyo vifungashio vya karanga ndo usiseme, utaokota mpaka uzeeke. Dumu moja la lita 20 tupu linakaribia kilo nzima na nimeliokota mara moja tu. Halafu kiwanda kipo Dar, kutoka kwako Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, mwenye lori hajali una kilo ngapi anaangalia umemjazia nafasi kiasi gani, na nailoni bila mashine ya kukandamiza kufunga marobota ni kusafirisha upepo. Mi mashine hiyo sina.

Ya pili uchafu. Chupa ya maji unaisuuza mara moja inatosha. Nailoni ya maandazi ina mafuta, ya sokoni ina mchanga, ya nyama usiombe, na uchafu umeganda pande zote mbili, kwahiyo kilo moja ukiipima labda robo yake ni mchanga na maji. Uioshe kwa maji gani na huku kwenyewe ndoo tunanunua?

Ya tatu mashine zenyewe. Umewahi kuona nyavu ikinasa kwenye pangaboi la injini ya boti? Ndivyo hivyo hivyo, nailoni inajiviringisha kwenye shafti mpaka mashine inazimwa mtu anaingia na kisu kukata. Hata huko Marekani kwenye mitambo mikubwa ya kuchambua taka wanawaambia watu mifuko laini msichanganye na chupa, sababu ni hiyo hiyo.

Na ile pembetatu dada isikudanganye, haisemi kitu kinarejelezwa. Namba iliyo ndani yake inataja aina ya plastiki tu, 1 ni ya chupa za maji, 2 ya madumu, 4 nailoni laini, 5 ndoo na vikopo vya mtindi na hivyo viroba vyako. Ilianza Marekani mwaka 1988 na tangu hapo watu wanaisoma vibaya dunia nzima.

Kinyozi wa Ligula
Nailoni si zilipigwa marufuku toka tarehe 1 Juni 2019 jamani? Bibie una viroba vitatu unatangaza hadharani 😂 faini elfu 30 mpaka laki 2 au siku 7 ndani, sijui kama unajua

Mama Pakacha
Kaka soma vizuri, mi sina mfuko wa kubebea hata mmoja, hizi ni pakiti za bidhaa zilizokuja na bidhaa zake. Naenda sokoni feri na pakacha kama jina langu linavyosema.

Mzani wa Lindi
Dada yuko sawa. Marufuku ni ya mifuko ya kubebea, vifungashio vya vyakula, dawa, kilimo na viwanda viliachwa. Ndo mana watu wakageuza vile vinailoni vyeupe vya kupimia sukari kuwa vya kubebea nyanya, Aprili 2021 serikali ikapiga stop hilo nalo, ila ingia sokoni saa hizi uone.

Na kitu watu hawajui, ile mifuko mbadala ya rangi tunayoiita ya kitambaa sio kitambaa, ni plastiki namba 5 iliyoyeyushwa ikavutwa kama nyuzi halafu ikagandamizwa. Iache juani miezi kadhaa uishike, inapukutika kama unga wa muhogo. Wenye akili wanautumia mmoja mwaka mzima, wengine kila duka wanapewa mpya halafu wanasema wameacha plastiki.

Mkorosho Mmoja
Mimi nipo upande wa Masasi, naotesha miche. Dada usitupe mifuko ya maziwa na pakiti za sukari na unga za kilo, hivyo ni viriba! Unaosha, unakata pembe mbili za chini maji yatoke, unatia udongo na mbolea, unafukia mbegu ya korosho. Viriba vya dukani nanunua kwa hela wakati pakiti zinaruka barabarani. Ila siku ya kupanda uchane uutoe mfuko wote, usipande nao, mizizi itazunguka humo humo na mti utadumaa, na nailoni ibebe urudi nayo usiiache shambani.

Ila angalizo, kama kwenye viroba vyako kuna mfuko uliobeba salfa au chupa ya dawa ya kupulizia mikorosho usitumie kwa chochote cha nyumbani. Nimeshaona mtu anaanikia makopa ya muhogo juu ya mfuko wa dawa nikashika kichwa.

Baharia Mikindani
Wa kuchoma asichome na wa kutupa asitupe mtoni tafadhali, mvua ikija zote zinatufuata sisi. Tunavuta wavu tunapata nailoni na vidagaa viwili. Na kasa wa kule Msimbati hawajui tofauti ya nailoni na yavuyavu, wanameza tu.

Kinyozi wa Ligula
Haya tuwe serious sasa. Kuna ile ya kushindilia nailoni kwenye chupa ya maji inakuwa kama tofali, nimeona watu wanajengea viti na vitalu vya maua. Hiyo vipi?

Mzani wa Lindi
Inawezekana ila sio mchezo. Chupa ya lita moja na nusu inatakiwa ifike kama nusu kilo ndo iwe ngumu, na nailoni ziwe kavu na safi la sivyo ndani kunaoza. Na usiache juani wazi, chupa inapasuka, fukia kwa udongo au saruji. Mi kinachoniuma umechukua chupa ambayo ningeinunua ukaijaza kitu ambacho siwezi kununua 😅 lakini kwa krips na sabuni ya unga sioni njia nyingine, pakiti zile zina tabaka za plastiki tofauti, nyingine na utando wa aluminiamu, vimegandishwa pamoja, hakuna wa kuvitenganisha.

Msije mkayeyusha kwenye sufuria nyumbani mtengeneze matofali ya mchanga kama video za mtandaoni. Ikiingia humo kipande cha bomba la PVC moshi wake ni sumu hasa, na watoto wako hapo hapo.

Mama Pakacha
Nimerudi wakuu. Jana jioni nimemwaga vyote kwenye mkeka tukachambua na watoto, mama mkwe naye kakaa chini bila kuambiwa. Mifuko ya maziwa na pakiti za kilo zimepatikana mia na kitu, Mkorosho njoo pembeni nikutumie na mtu anakuja Masasi wiki ijayo. Krips na sabuni zimejaa kiroba kimoja kasoro, wanangu wameanza kushindilia kwa kijiti, chupa ya kwanza tumepima kwa mzani wa jirani ina gramu mia mbili na kumi wakagoma kuendelea.

Iliyobaki ni zile za maandazi na mafuta. Hizo sijui. Nimemwambia muuza maandazi kesho nakuja na hotpoti, kaniangalia tu.

Mzani, madumu ninayo kumi na moja. Vifuniko nitoe au niache?

Mzani wa Lindi
Vya madumu acha. Vya chupa za maji ukitoa ukaviweka peke yake nafurahi zaidi, ni plastiki nyingine, ukitia kwenye maji chenga za chupa zinazama vifuniko vinaelea. Ijumaa nina gari inapita Mtwara.