Naombeni ushauri: nataka Pasaka hii inihuishe na mimi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Tangu tumzike mama, sala zangu zimekauka. Rozari yake naishika, maneno hayatoki. Kwaresima nimefunga, Njia ya Msalaba nimekwenda kila Ijumaa, lakini moyo bado mzito.

Jumamosi Kuu, kwenye Kesha, tutawasha mishumaa yetu kwa moto wa mshumaa wa Pasaka na kurudia ahadi za ubatizo. Natamani nikijibu "nasadiki" iwe imetoka moyoni, si kuitikia tu na wenzangu. Mliofiwa mkaamka tena kiimani, mlianzia wapi? Nikaungame kwanza, au nizungumze na padre nje ya kitubio? Na zile siku 50 hadi Pentekoste, mlisalije nyumbani mkiwa peke yenu?