Chambo hai kwenye kayaki: vibua wananifia kabla sijafika maji ya kina

Kafi_Moja

Wakuu, salamu. Naomba msaada wa wazoefu. Nina kayaki ya plastiki, ile ya kukaa juu, natokea Kunduchi kila Jumamosi alfajiri. Ninayemtafuta ni nguru, na kila mvuvi ninayemuuliza pale pwani ananiambia hilohilo: nguru mkubwa anataka samaki mzima anayechezacheza, si kipande cha ngisi kilichoganda.

Sasa huyo samaki mzima ndiye anayenitesa. Wiki iliyopita nimezunguka toka saa kumi na moja na nusu mpaka saa tatu, ndoano ndogo na uduvi, nikapata vibua watatu. Nikawatia kwenye ndoo ya lita 10. Kufika mbele, wawili wamelala ubavu, wa tatu yuko juu ya maji anahema mdomo wazi. Nikageuza.

Mnawaitaje wakaja kwa wingi? Na mnawaweka wapi wasife? Kuna jamaa kanishauri nikatupe kimia karibu na kisiwa cha Mbudya kwa sababu pale samaki wamejaa.

Mzee_Dema

Mwanangu, nianze na hilo la mwisho. Mbudya usitupe kitu. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na kuvua hapo ni marufuku. Samaki wamejaa kwa sababu wameachwa wazaane, nasi huku nje ndio tunaokula matunda yake. Wa Kigamboni nao wajue, visiwa vya Sinda viliongezwa 2007.

Halafu kimia hakitupwi umekaa kwenye kayaki, utapinduka. Kinataka miguu chini, maji ya magotini, kwenye mlango wa mto wa mikoko wakati maji yanaanza kujaa. Hapo utapata mkizi na chaa, na kwa ndoo yako hao ndio ninaokushauri. Kibua ni samaki wa mwendo, maji yasipopita kwenye mashavu yake hapati pumzi. Mkizi anavumilia. Mtupo mmoja mzuri ufukweni unakutosha asubuhi nzima, na unaingia baharini chambo tayari unacho.

Mshipi_Mwembamba

Mkuu, Mzee amesema kweli, ila vibua kwenye kayaki wanapatikana. Mimi nawaita hivi: mkate mkavu, dagaa waliopondwa na maji ya bahari kidogo. Finyanga mpaka ishikane kama kinyunya cha chapati, tia kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu pamoja na jiwe, uning'inize kama pima moja chini ya kayaki. Kila dakika mbili tatu utikise. Utaona ukungu mweupe unatoka na kufuata mkondo, na vibua wanapanda nao kutoka chini.

Kosa la wengi ni kumwaga kingi kwa mara moja. Samaki akishiba hagusi ndoano, na chakula kikizama chote anakifuata huko chini. Wape harufu, wasipate shibe. Tia nanga upande mkondo unakotoka, ili ukungu uende mwambani, nawe usubiri pale mchanga unapokutana na mwamba. Kabla ya hapo tazama maji: kundi likiwa juu, uso wa bahari unatetemeka kama umenyeshewa manyunyu, na membe hawako mbali.

Kwa kuvulia tumia sabiki, ule mshipi wa ndoano ndogo zenye manyoya, chubwi mwisho. Dukani inakuja na ndoano sita. Kata, bakisha tatu. Kwenye kayaki ndoano sita zitaishia kwenye paja lako. Akinasa wa kwanza usivute mbio, mwache ahangaike, wenzake watakuja.

Mpwani_Muscat

Ndugu yangu, hapa Muscat joto limetufunza. Maji yakipata moto hewa inapungua ndani yake, na ndoo iliyokaa juani ni kaburi. Tafuta chombo cha duara, maana kwenye pembe samaki anagonga pua mpaka inatoka damu. Funika kwa kitambaa kilicholowa, nunua pampu ndogo ya hewa ya betri, na ubadilishe maji mara kwa mara. Kwa lita 20 usizidishe vibua wanne.

Na usiwashike! Ute ule ndio ngozi yao ya pili. Mimi nina kipande cha waya nilichokikunja kama ndoana ya kutundikia nyama: napitisha kwenye kipindo cha ndoano, nageuza, samaki anadondoka mwenyewe ndani ya maji. Ukiona magamba yanaelea kwenye ndoo, jua mkono wako umepita.

Mzee_Dema

Na usichanganye damu kwenye hicho chakula huku miguu umeining'iniza majini. Papa naye ananusa. Jaketi la kuokolea uvae, usilikalie. Upepo wa umande unakusukuma nje bila kutoka jasho; angalia kusi isije ikaamka wewe uko mbali.

Kafi_Moja

Wakuu, nimerudi, asanteni sana. Jumamosi nimekaa mbali na visiwa. Mfuko wa vitunguu umefanya kazi: ndani ya nusu saa vibua saba, nikabakisha wanne. Nimefika nao wote wazima, chombo cha duara na pampu.

Wa kwanza nimemtoboa puani, nikamkokota taratibu. Mshipi ukatetemeka, ukakaza mara moja, ukalegea. Nilichovuta ni kichwa cha kibua na mbavu mbili, kimekatwa kama kwa wembe. Nifanyeje?

Mshipi_Mwembamba

Huyo ndiye nguru mwenyewe, anaanzia mkiani. Funga ndoano ya pili kwa waya, shubiri moja nyuma ya ile ya puani, uichomeke kidogo tu karibu na mkia, kibua aendelee kuogelea. Jumamosi utuletee picha.