Dume wa sungura mwenye "jeni ya kuzaa wengi": ninunue?

Mfugaji Bahati: Habari za jioni wadau. Niko Bahati, Nakuru, nina majike tisa wa New Zealand White, wale sungura weupe wa nyama, na dume mmoja. Zamani jike alinizalia wanane, hata tisa. Siku hizi ni wanne au watano, na wiki ya kumi hawafikishi kilo mbili. Sasa kuna mtu ananiuzia dume kwa bei ya mbuzi, anasema amepimwa akaonekana ana jeni ya kuzaa wengi. Nilipe?

Kisumu Ndogo: Kaka, angalia pia joto. Huku kwetu likizidi nyuzi 30, mbegu za dume hudhoofika kwa wiki kadhaa.

Mama Vizimba, Kakamega: Ndugu yangu, shika pesa yako kwanza. Alama za jeni, yaani tofauti ndogo kwenye jeni zinazoweza kupimwa, zipo kweli. Iliyochunguzwa sana upande wa uzazi iko kwenye jeni ya kipokezi cha projesteroni, homoni inayoshikilia mimba. Lakini ilionekana kwenye nasaba za sungura zilizochaguliwa Uhispania kwa miaka, na si lazima ifanye kazi ileile kwa sungura wetu waliochanganyika. Tena idadi ya watoto hutegemea zaidi mayai na mji wa mimba wa jike. Jeni za huyo dume utaziona kwa binti zake wakizaa, si kwa uzao wa kwanza. Na hata hapo, urithi unachangia kama sehemu moja tu kati ya kumi. Nyingine ni lishe, afya na utunzaji. Ukuaji ndio hurithiwa zaidi, na huo unaupima kwa mizani. Ila usimlinganishe mtoto aliyenyonya na wenzake wanne na aliyenyonya na wenzake wanane, utamwonea wa pili. Nilichinja majike wawili wazuri kwa kosa hilo, na bado linaniuma.

Niambie, dume wako ana miaka mingapi hapo?

Mfugaji Bahati: Mitatu, mama. Majike watano ni binti zake.

Mama Vizimba, Kakamega: Basi ndiyo hiyo. Baba akipanda binti, watoto hupungua na hudumaa. Tafuta dume asiye na undugu nao, mama yake awe amezaa wanane mara tatu mfululizo, na uombe kuona daftari la mwenyewe.

Mfugaji Bahati: Asante mama. Huyu muuzaji nilimwomba daftari, hana. Jumamosi naenda Njoro kuuliza kwingine.