TEM inasema 16, DLS inasema 38: niamini kipimo kipi?

Mchemsha_Dhahabu: Wakuu, naomba ushauri. Niko uzamili. Nimetengeneza chembe nano za dhahabu kwa sitreti, njia ya Turkevich, kisha nikazivika PEG, polima ya nyuzi ndefu, yenye uzito wa molekuli 5,000 na thioli (kundi la salfa linaloshika dhahabu). Hadubini ya elektroni, TEM, inanipa kipenyo cha nanomita 16. DLS, kipimo cha ukubwa kwa mwanga unaotawanywa, inanipa 38. Msimamizi kauliza, "Utando uko wapi?" Kwenye picha hauonekani kabisa. Alhamisi nakutana naye.

Babu Maabara: Mkuu, vyote vinasema kweli. Dhahabu ni nzito, inazuia elektroni. PEG ni kaboni, haidrojeni na oksijeni, elektroni zinaipita tu. Tena sampuli ya TEM imekaushwa, nyuzi za PEG zimelala. DLS inafuatilia chembe zinavyotikisika ndani ya maji, ikikokotoa ukubwa wa kila kinachosafiri pamoja: metali, utando na maji yaliyonaswa humo.

Kemia254: Sawa, ila asikimbilie kutoa 16 kwenye 38. Mwanga unaotawanywa hupanda kwa kipeo cha sita cha kipenyo: chembe ya nanomita 100 hutawanya mara milioni kuliko ya 10. Vumbi kidogo tu, jibu limevimba. Ulipima DLS kabla ya PEG?

Mchemsha_Dhahabu: Ndiyo, ilikuwa 21.

Kemia254: Basi linganisha DLS kwa DLS. 38 toa 21, gawa kwa mbili: 8.5 kila upande. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea.

Dada wa Spektra: Unene peke yake haumwambii kwamba ni PEG. Anza na rahisi: tia chumvi ya mezani kwenye sampuli zote mbili. Ya sitreti itageuka bluu, yenye PEG itabaki nyekundu. Pima na zeta, yaani chaji kwenye uso wa chembe. Chaji hasi ya sitreti inapaswa kusogea karibu na sifuri. Kwa infraredi, tafuta mkanda wa PEG wa karibu 1,100 kwa sentimita, lakini zungusha kwenye sentrifuji na kuosha kwanza, maana PEG iliyobaki huru majini itakudanganya vizuri sana.

Babu Maabara: Na TGA, ile ya kupasha sampuli moto huku ukipima uzito unaopotea? Inatoa uzito wa utando.

Dada wa Spektra: Inataka miligramu kadhaa za unga mkavu. Kwa milimola 0.25 kwa lita, mililita 100 zina kama miligramu 5 za dhahabu. Hadi Alhamisi atakuwa bado anachemsha.