Dawati la mvule lenye rangi ya zamani: nianze na msasa gani?

kitako_cha_mbao
Wakuu, dawati ni la shule, la zamani, la watu wawili, meza na benchi vimeungana. Mbao ni mvule, miguu ya chuma. Lina matabaka matatu ya rangi ya mafuta, misumari imezungukwa na weusi, na meza imechongwa majina kwa kisu. Mbao nataka ionekane kwa vanishi, chuma nipake rangi. Nikianza na mashine, msasa namba 60, nitaharibu? Atalitumia mtoto wa darasa la kwanza.

randa_kali
Utaharibu, na zaidi ya mbao. Rangi za mafuta za zamani nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na msasa mkavu unayageuza vumbi. Halafu mashine ikipata moto rangi inalainika, msasa unaziba.

Tumia dawa ya kuondolea rangi, ukiwa nje na glavu. Ipake nene, usiirudierudie kwa brashi, funika kwa nailoni dakika 20 hadi 30, kisha kwangua kufuata nyuzi za mbao. Kwa matabaka matatu tegemea kurudia mara mbili. Magamba yafunge ndani ya mfuko wa taka uyatupe, usiyachome. Magadi makali ya kuzibulia mabomba wengine huyasifia, lakini yanaugeuza mvule kuwa mweusi.

Mbao ikibaki tupu na kavu, ndipo msasa: 80, 120, 180, kwa mkono, umezungushiwa kipande cha mbao. Vaa barakoa, vumbi la mvule lenyewe linawasha ngozi na kifua.

nyundo_ndogo
Weusi huo ni kutu ya msumari iliyokutana na kemikali za mbao. Msasa hauutoi, umezama. Ng'oa misumari kwanza. Koroga kijiko kikubwa cha asidi ya oksali kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, paka, subiri nusu saa, suuza mara mbili, acha ikauke siku nzima. Ni sumu, mtoto asisogee. Ukirudisha weka skrubu za chuma kisichoshika kutu, la sivyo weusi utarudi.

Majina ya kuchongwa yaache. Puti ya kuzibia mashimo ikiwa chini ya vanishi inaonekana kuliko mchongo wenyewe.

kitako_cha_mbao
Nimeelewa. Vanishi je? Nasikia kwenye mvule inanata.

randa_kali
Inanata kweli, hata wiki kadhaa, kwa sababu mvule una kemikali za asili zinazozuia vanishi ya mafuta kukauka. Futa mbao kwa kitambaa chenye tina (kiyeyusho cha rangi), ikikauka tu paka sila (dawa angavu ya kuziba mbao kabla ya vanishi), usingoje kesho. Sila ikikauka pitisha msasa 240, kisha vanishi mikono (matabaka) mitatu, saa 24 kati ya mkono na mkono, na 240 kidogo kila mara. Mkono wa kwanza punguza makali: vanishi sehemu nne, tapentaini moja.

Chuma: brashi ya waya huku umelowesha na umevaa barakoa, maana rangi ya miguu nayo huenda ina risasi, futa, acha ikauke, rangi nyekundu ya kuzuia kutu mkono mmoja, rangi ya mafuta miwili. Usipulizie rangi inayochanganywa na tina juu ya rangi ya mafuta iliyobaki kwenye miguu: tina inaila ya chini, yote inakunjamana kama ngozi ya maziwa, na hapo ni kukwangua upya.

nyundo_ndogo
Na msimu wa mvua sila hiyo inaweza kufanya ukungu mweupe. Paka saa tano asubuhi, jua likishakausha hewa.