Anasoma anatiririka, lakini haelewi alichosoma

Mama Wawili: Habari zenu wadau. Mwanangu ana miaka 7. Ukimpa ukurasa anausoma mwanzo mpaka mwisho bila kukwama, hata maneno marefu. Jana nikamuuliza, "Haya, nani alipewa kitabu?" Akanirudia sentensi ileile, neno kwa neno. Nimeumia, maana miezi yote hii nilikuwa namsifu. Nianzie wapi?

Mwalimu wa la Pili: Pole mama, na wala usijilaumu. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto akishashika silabi, ba be bi bo bu, anaweza kutamka hata neno asilowahi kulisikia. Sauti inatangulia, maana inabaki nyuma.

Mimi huanza na sentensi mbili tu: "Juma alimpa Asha kitabu. Akakiweka mezani." Weka kidole chini ya hiyo -ki-, muulize ni kitu gani. Akisema kitabu, mwandikie "Akaiweka mezani", umuulize kama bado ni kitabu. Mwanafunzi wangu mmoja alinyamaza muda mrefu, kidole kikiwa palepale, kisha akasema taratibu, "Hapana. Labda barua." Neno "ngeli" alikuwa hajalisikia bado! Ndiyo maana siafiki kabisa kuwakaririsha watoto wa umri huo majina ya ngeli.

Halafu muulize aliyeweka ni nani, Juma au Asha. Yote mawili yanawezekana, mwache ajieleze.

Baba Pacha: Mwalimu, na msamiati je? Wangu wanauliza maana ya kila neno, hadithi haiishi.

Mwalimu wa la Pili: Chagua neno moja kwa siku, ulifuate na ukoo wake: pika, pikia, mpishi, mapishi. Mengine waache wakisie kwanza kwa kuangalia maneno ya jirani, ndipo uwaambie. Na wasomee wewe mwenyewe kwa sauti, hata kama wanajua kusoma. Neno ambalo mtoto ameshalisikia halimsumbui akilikuta kitabuni.

Mama Wawili: Asante sana mwalimu. Nimejaribu jioni hii. Tulikutana na "Kifaru amelala", nikamuuliza mbona hawakuandika "kimelala", wakati kitabu tunasema "kimeanguka". Akafikiri, akasema, "Kwa sababu kifaru anapumua."

Kesho tunarudia ile ya Juma na Asha.